Echizen Yasutsugu

Echizen Yasutsugu (kwa Kijapani: 越前康継, alifariki mwaka 1621) alikuwa mhunzi wa panga nchini Japani mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17. Alizaliwa Shimosaka katika jimbo la Omi, akahamia jimbo la Echizen, na baadaye akawa mhunzi wa ukoo wa Tokugawa, ukoo ulioitawala Japani kuanzia mwaka 1603.

Anakumbukwa hasa kwa mambo matatu. Kwanza, alipewa sehemu ya jina la Tokugawa Ieyasu pamoja na ruhusa ya kuchonga nembo ya ukoo huo kwenye panga zake. Pili, alizitengeneza upya panga mashuhuri zilizoungua katika ngome ya Osaka mwaka 1615. Tatu, kwenye panga zake nyingi aliandika kwamba alizifua kwa chuma kilichotoka ng'ambo, kiitwacho kwa Kijapani nanban tetsu. Maandishi hayo yamewapa kazi wanahistoria na wataalamu wa metali hadi leo, kwa sababu yanasema jambo moja waziwazi na kunyamaza kuhusu mengine mengi.

Asili yake

Shimosaka leo ni sehemu ya mji wa Nagahama katika mkoa wa Shiga, kando ya ziwa Biwa, ambalo ni ziwa kubwa kuliko yote nchini Japani. Jina lake la kawaida lilikuwa Ichizaemon, naye alitoka katika familia ya wahunzi. Alikua wakati wa vita vya muda mrefu kati ya mabwana wa majimbo. Kila bwana alihitaji silaha, na mhunzi stadi hakukosa kazi. Panga zake za mwanzo zina jina la Shimosaka tu, yaani jina la kijiji alikotoka.

Mwanafunzi wa historia anapaswa kuwa mwangalifu hapa. Wahunzi wengine waliotoka Shimosaka walihamia Echizen pia, wakaendelea kulitumia jina hilo kwa vizazi kadhaa. Kwa hiyo upanga wenye neno Shimosaka peke yake unaweza kuwa wa Yasutsugu kabla hajabadili jina, au wa mwingine wa kundi lake. Jina hilo halitoshi kuthibitisha mfuaji. Lazima upanga wenyewe ukubaliane nalo.

Kuhamia Echizen

Echizen lilikuwa jimbo la pwani ya Bahari ya Japani, na leo ni sehemu ya mkoa wa Fukui. Yasutsugu alifika huko katika miaka ya Keicho (1596–1615). Mmoja wa waliomwinua alikuwa Honda Narishige, mwenye cheo cha Hida no Kami, ambaye baadaye alikuwa bwana wa ngome ya Maruoka. Ziko panga za Yasutsugu zenye maandishi yanayoeleza kwamba ni mali ya Honda huyo.

Mwaka 1600 Tokugawa Ieyasu alishinda vita vya Sekigahara na kuwagawia watu wake majimbo. Echizen ilimwangukia mwanawe wa pili, Yuki Hideyasu. Hideyasu alimchukua Yasutsugu awe mhunzi wake, na hiyo ndiyo njia iliyomfikisha kwa Ieyasu mwenyewe. Hideyasu alifariki mwaka 1607, lakini uhusiano wa mhunzi huyu na ukoo wa Tokugawa uliendelea.

Katika kipindi hicho Yasutsugu alipata pia cheo cha heshima cha Higo Daijo, akakichonga kwenye panga zake. Higo ni jimbo la kisiwa cha Kyushu, mbali sana na Echizen. Vyeo vya namna hiyo vilikuwa na majina ya majimbo, ila havikuwa na maana kwamba mwenye cheo aliishi au kufanya kazi huko. Asiyelijua jambo hili anaweza kuusoma upanga wa Echizen akadhani umefuliwa Kyushu.

Kuitwa Edo

Baada ya mwaka 1605 Yasutsugu aliitwa Edo, mji ambao leo ni Tokyo, afue panga mbele ya Ieyasu na mwanawe Hidetada. Kazi yake iliwapendeza. Akapewa herufi inayosomwa Yasu (康) kutoka jina la Ieyasu, na kuanzia hapo akajiita Yasutsugu. Akapewa pia ruhusa ya kuchonga nembo ya Tokugawa, yaani majani matatu ya mmea uitwao aoi ndani ya duara. Kwa fundi wa mikono, hii ilikuwa heshima kubwa mno. Nembo hiyo ilikuwa alama ya watawala wenyewe.

Habari hizi hazikuandikwa na makarani wa serikali tu. Yasutsugu mwenyewe alizichonga kwenye upanga alioutoa kama sadaka kwa hekalu la Atsuta, katika jimbo la Owari (leo Nagoya). Anaeleza humo kwamba aliitwa na mabwana wawili kufua panga Edo, na kwamba alipewa nembo na herufi ya Yasu. Maandishi hayo hutusaidia pia kupata tarehe. Mabwana wawili ni Ieyasu, aliyekuwa amejiuzulu cheo cha shoguni, na Hidetada aliyempokea cheo hicho mwaka 1605. Ieyasu alifariki mwaka 1616. Basi jambo linaloelezwa lilitokea kati ya miaka hiyo miwili, ingawa hakuna mwaka uliotajwa.

Tangu hapo Yasutsugu alifanya kazi kwa zamu kati ya Edo na Echizen.

Maandishi ya msukani

Mhunzi wa Japani hakuandika jina lake kwenye bapa la upanga ambako kila mtu angeliona. Aliandika kwenye msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Alitumia tindo ndogo na nyundo, akachonga herufi moja baada ya nyingine kwenye chuma baridi. Mpini ukishawekwa, maandishi hayaonekani tena. Ili kuyasoma ni lazima kung'oa kipini kidogo cha mwanzi kinachoshika mpini, kisha kuuvuta mpini utoke.

Msuka hausuguliwi wala kung'arishwa. Huachwa ushike kutu polepole, na kutu hiyo huwa ushahidi wa umri wake. Rangi yake, alama za tupa, umbo la ncha na mkono wa mchongaji wa herufi huangaliwa pamoja na maneno yenyewe. Tatizo ni kwamba panga nyingi za kale zilifupishwa ili zimfae mwenyeji mpya, na upanga hufupishwa kwa kukata upande wa msuka. Kwa njia hiyo majina mengi ya wahunzi yamepotea kabisa.

Maandishi kamili ya Yasutsugu yaliyochongwa Edo yana sehemu tatu. Ya kwanza inataja chuma cha nanban. Ya pili inataja mahali, yaani Edo katika jimbo la Musashi. Ya tatu ni jina, Echizen Yasutsugu. Yanafuata mpangilio wa Kichina cha kale, ambao Wajapani waliutumia kwa maandishi rasmi. Herufi yenye maana ya kwa kutumia (以, husomwa motte) huandikwa kabla ya jina la chuma, lakini msomaji wa Kijapani huitamka baada yake. Vivyo hivyo herufi ya mahali (於, husomwa oite) huandikwa kabla ya jina la mji. Kitenzi cha kufua hakimo. Msomaji anategemewa kukiongeza mwenyewe.

Mgeni hutatanishwa na kuona majina mawili ya mahali katika maandishi hayohayo. Jawabu ni kwamba jina linalofuata herufi ya mahali ndilo la kiwanda: upanga ulifuliwa Edo. Echizen hapo ni sehemu ya jina la mhunzi, linaloonyesha jimbo lake. Panga alizofua Echizen hazina hiyo sehemu ya Edo.

Chuma cha nanban

Chuma cha jadi cha Japani kilitokana na mchanga wenye madini ya chuma. Mchanga huo uliyeyushwa kwa mkaa katika tanuri la udongo liitwalo tatara. Bonge lililopatikana lilivunjwavunjwa, na vipande vikachaguliwa kulingana na ugumu wake. Mhunzi alivipasha moto, akavifua, akavikunja na kuvifua tena mara nyingi, mpaka uchafu utoke na kaboni ienee sawasawa.

Neno nanban lina asili ya Kichina na maana yake ni washenzi wa kusini. Wajapani waliwaita hivyo Wareno na Wahispania, kwa kuwa merikebu zao zilitokea bahari ya kusini. Wareno walifika Japani kwa mara ya kwanza mwaka 1543, katika kisiwa cha Tanegashima. Walikuwa Wareno haohao waliojenga Ngome ya Yesu huko Mombasa kuanzia mwaka 1593. Merikebu zao zilizunguka Afrika, zikapitia Kisiwa cha Msumbiji kwenda Goa, na safari ziliendelea kupitia Malacca na Macau hadi Nagasaki. Waholanzi walifungua kituo chao cha biashara Hirado mwaka 1609, na Waingereza wakafuata mwaka 1613. Ieyasu naye alitoa vibali vyenye muhuri mwekundu kwa merikebu za Japani zilizofanya biashara kusini-mashariki mwa Asia.

Kati ya bidhaa zilizoingia palikuwa na vipande vidogo vya chuma. Vilivyohifadhiwa Japani vina maumbo kama kibuyu chenye kiuno au kama jani la mti. Ndicho chuma ambacho Yasutsugu anakitaja.

Yale ambayo maandishi hayasemi

Mtu akisoma kwamba upanga umefuliwa kwa chuma cha nanban, huwa rahisi kuhitimisha kwamba chuma chote kimetoka Ureno. Maandishi hayasemi hivyo, na kuna mambo matatu ya kuzingatia.

Kwanza, nanban ni jina la watu walioleta na njia waliyopitia. Si jina la mgodi. Wasemaji wa Kiswahili wana mifano yao. Kiazi ulaya kilipata jina hilo kwa sababu kililetwa na Wazungu, ingawa asili yake ni milima ya Amerika Kusini. Kitambaa cha merikani kiliendelea kuitwa merikani hata pale kilipofumwa India. Kwa namna hiyohiyo, chuma kilicholetwa na Wareno au Waholanzi kingeweza kuwa kimenunuliwa katika bandari yoyote ya njiani. Uhindi hutajwa zaidi, kwa sababu ulikuwa na sifa ya zamani ya kutengeneza feleji ngumu katika vyungu vidogo vya udongo vilivyofungwa, na feleji hiyo iliuzwa mbali hadi Uajemi na nchi za Waarabu. Lakini neno lililochongwa msukani haliwezi kuthibitisha hilo peke yake.

Pili, maandishi hayataji kiasi. Upanga wa Kijapani kwa kawaida huunganishwa kutoka chuma cha aina mbili: kigumu kwa ngozi ya nje na makali, na laini kwa kiini kinachozuia usivunjike. Chuma cha nanban kingeweza kutumika kwa ngozi tu, au kuchanganywa na chuma cha nyumbani. Feleji yenye kaboni nyingi mno ni ngumu kufua. Ikipashwa moto kupita kiasi hupasuka chini ya nyundo. Kuichanganya na chuma laini na kuikunja mara nyingi hupunguza na kusawazisha kaboni. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi huona mchanganyiko kuwa ndiyo njia iliyowezekana zaidi.

Tatu, maneno hayo yalikuwa pia tangazo la heshima. Chuma cha ng'ambo kilikuwa adimu, na biashara ya ng'ambo ilisimamiwa na watawala. Mhunzi aliyechonga nembo ya Tokugawa na jina la chuma hicho kwenye msuka mmoja alikuwa akionyesha anamtumikia nani na anaweza kupata nini. Hilo halifanyi maneno yake kuwa ya uongo. Linaeleza tu kwa nini aliona inafaa kuyaandika, wakati wahunzi waliotumia chuma cha nyumbani kwa kawaida hawakutaja chuma chao.

Wajuzi wa panga husema kwamba chuma cha Yasutsugu kina weusi fulani kikilinganishwa na cha wahunzi wa Kyoto, na wengine huuhusisha weusi huo na nanban tetsu. Hata hivyo panga nyingi za wahunzi wa Echizen na majimbo jirani ya kaskazini zina rangi ya namna hiyo, hata zisizo na maandishi ya chuma. Katika karne ya 20 mtaalamu wa metali Tawara Kuniichi wa Chuo Kikuu cha Tokyo aliuchunguza kisayansi upanga wa Japani pamoja na vipande vya chuma cha nanban vilivyohifadhiwa. Uchunguzi wa namna hiyo una kikwazo chake. Ili kujua kwa hakika kilichomo ndani ya upanga hulazimu kuukata, na hakuna mwenye upanga wa Yasutsugu anayekubali ukatwe.

Panga zilizoungua

Mwaka 1615 majeshi ya Tokugawa yaliteka ngome ya Osaka, makao ya ukoo wa Toyotomi. Ngome iliteketea, na hazina kubwa ya panga za kale ikaungua pamoja nayo. Upanga ulioungua hauyeyuki, lakini makali yake hupoteza ugumu na ile michoro ya mawimbi inayoonekana kando ya makali hufutika. Hubaki umbo bila uhai.

Ieyasu aliagiza panga bora zitafutwe katika majivu, akampa Yasutsugu kazi ya kuzirudishia ugumu. Mhunzi alizipaka udongo, akazipasha moto upya kwa uangalifu na kuzitumbukiza majini. Kazi hii ni ya hatari, kwa sababu upanga unaweza kupinda au kupasuka mara unapogusa maji. Kati ya zilizopita mikononi mwake ni Ichigo Hitofuri, ambao leo uko katika mkusanyo wa familia ya mfalme wa Japani, na Namazuo Toshiro, ulio katika Makumbusho ya Sanaa ya Tokugawa mjini Nagoya. Zote mbili zilifuliwa na Yoshimitsu wa Kyoto katika karne ya 13.

Panga hizo bado zina jina la Yoshimitsu, na ni haki yake: chuma na umbo ni vyake. Lakini ugumu wa makali na michoro inayoonekana leo ni kazi ya Yasutsugu, ambaye jina lake halimo. Hapa tena maandishi ni ya kweli, na tena hayaelezi yote. Kazi hiyo ilimpa Yasutsugu nafasi ya kuzishika na kuzipima panga ambazo wahunzi wengi walizisikia tu. Alifua nakala za panga mashuhuri, na nakala hizo zimehifadhi umbo la kazi za mabwana wa zamani.

Panga zake nyingi zina pia nakshi za majoka na alama za dini. Wachongaji wa nakshi hizo walikuwa mafundi wa ukoo wa Kinai, nao walikuwa watu wa Echizen.

Kifo na warithi

Yasutsugu alifariki mwaka 1621. Mwanawe mkubwa alirithi jina, nembo na desturi ya kuandika kuhusu chuma cha nanban, akafanya kazi hadi alipofariki mwaka 1646. Baada yake ukoo uligawanyika. Mjukuu aliendeleza kiwanda cha Edo, na mtoto mwingine wa Yasutsugu wa kwanza akawa wa tatu upande wa Echizen. Matawi yote mawili yaliendelea kufua panga kwa vizazi vingi.

Wareno walifukuzwa Japani mwaka 1639, na kuanzia mwaka 1641 Waholanzi walizuiwa katika kisiwa kidogo cha Dejima huko Nagasaki. Hata hivyo jina la nanban halikutoweka kwenye misuka. Lilikuwa limekwisha kuwa jina la aina ya chuma, bila kujali ni merikebu ya nani iliyokileta. Wahunzi wa ukoo wa Tadayoshi katika jimbo la Hizen, karibu na Nagasaki, nao wameacha panga zenye maandishi kuhusu chuma cha kigeni.

Urithi

Kwa kuwa jina la Yasutsugu lilikuwa na thamani, waghushi walilichonga kwenye panga zisizo zake, pamoja na nembo na maneno ya chuma cha nanban. Kwa sababu hiyo maandishi hayaaminiwi peke yake. Mchunguzi huanza na upanga: umbo, chuma, makali. Kisha huangalia kutu na alama za tupa. Mwisho husoma herufi na kulinganisha mkono wa mchongaji na ule wa panga zinazokubalika. Panga za baba na za mwana hutenganishwa kwa njia hiyohiyo, kwa kuwa maneno yao yanafanana.

Sehemu kubwa ya maisha ya Yasutsugu inafahamika kutokana na misuka ya panga zake: kijiji chake, vyeo vyake, mabwana waliomlinda, mji aliofanyia kazi na chuma alichojivunia. Ni maneno machache, yaliyochongwa mahali ambapo mwenye upanga hakuyaona kila siku. Yakisomwa kwa pupa, humpeleka mhunzi huyu Kyushu asikoishi na chuma chake Ureno kisikochimbwa. Yakisomwa kwa utaratibu, yanatuonyesha fundi wa kijijini aliyefika katika jumba la shoguni, na kipande cha chuma kilichovuka bahari kabla hakijafika kwenye fuawe yake.